Kabla ya msimu mpya, timu za shule Lweba zianze na tarehe za kuzaliwa

LWEBA, FIZI – Siku hizi si ajabu kukuta Lweba familia yenye ndugu Marekani, aliyepelekwa huko kutoka kambi ya Nyarugusu. Watoto wa ndugu hao wanasoma kwenye shule ambako mchezo mkubwa unaweza kuwa besiboli, ule wa gongo na glovu, ambao kwetu wengi wameuona kwenye simu tu.

Katika vyuo vya Marekani, msimu wa besiboli huanza katikati ya Februari. Mwezi Juni timu nane zilizobaki hukutana Omaha, jimbo la Nebraska, mji unaopokea fainali hizo tangu mwaka 1950. Kabla ya msimu kuanza, kila chuo hujiuliza maswali yale yale: nani amerudi, nani amemaliza masomo, na nani atakuwa mrushaji? Mrushaji husimama mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji, na kila mchezo huanzia mkononi mwake. Chuo chenye warushaji wazuri kina matumaini hata kama wapigaji wake ni wa kawaida.

Tukiuliza hayo kwetu, kwamba timu ya shule ya Lweba ina matumaini gani msimu ujao, kuna swali linalotangulia yote. Wachezaji wamezaliwa lini, na nani anaweza kuthibitisha?

Waganda wanajua uzito wa swali hilo.

Mwaka 2011, watoto wa timu moja ya Kampala walishinda mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika, yaliyochezwa Kutno, Poland. Ushindi huo uliwapa nafasi ya kwenda Williamsport, Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika hapo. Lakini hawakusafiri. Wakuu wa Marekani waliwanyima viza kwa sababu maelezo ya umri na tarehe za kuzaliwa hayakulingana. Nafasi yao ikachukuliwa na timu kutoka Saudi Arabia, ile ile waliyokuwa wameishinda.

Watoto wa Langley, Kanada, ambao wangecheza nao mchezo wa kwanza, waliguswa na habari hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2012 walifunga safari mpaka Uganda ili mchezo ule uchezwe.

Mwaka huo huo timu nyingine ya Uganda, ya Lugazi, ilipata viza na kuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza Williamsport. Mwaka 2015 Uganda ilirudi na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4-1. Hao ni watu wa nchi inayotoa wachezaji wakubwa wa besiboli kila mwaka.

Tangu hapo njia imefunguka. Mmarekani Richard Stanley alijenga Uganda shule ya sekondari yenye viwanja vya besiboli. Mwaka 2022 warushaji wawili vijana, Umar Male na Ben Serunkuma, walitia sahihi mkataba na Los Angeles Dodgers. Baadaye mrushaji mwingine, David Matoma, alichukuliwa na Pittsburgh Pirates. Ni timu hiyo ya Pirates ambayo mwezi Aprili 2017 ilimchezesha Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika ligi kuu ya Marekani.

Kati ya watoto wa 2011 na wale wa 2012, nguvu ya mkono haikuwa tofauti kubwa. Kundi moja karatasi zake zilikubaliwa, lingine zikakataliwa.

Tarehe tatu za mtoto mmoja

Hapa ndipo habari ya Uganda inapogusa Fizi. Vita vya 1996 viliwavusha watu wengi ziwa mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo. Kuanzia mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Wengine walibaki, na wengine walikimbia tena baadaye. Kuna waliozaliwa kambini, kuna waliozaliwa porini mama akiwa njiani, na kuna waliozaliwa kijijini wakati ofisi imefungwa kwa sababu ya mapigano.

Ndiyo maana kijana mmoja anaweza kuwa na tarehe tatu: moja kwenye karatasi ya kambi, nyingine kwenye kadi ya ubatizo, ya tatu kwenye daftari la shule, ambayo mwalimu aliikadiria alipomwandikisha darasa la kwanza. Nyumbani hakuna anayeona shida. Shida inakuja siku kijana anapoomba pasipoti, nafasi ya chuo au viza ya masomo, na afisa anaziweka karatasi hizo tatu mezani pamoja.

Sheria ya Kongo iko wazi. Tangu Sheria ya Familia iliporekebishwa mwaka 2016, mzazi ana siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya hali ya raia, bila malipo. Siku hizo zikipita, lazima aende mahakamani kupata hukumu inayowezesha kuandikwa kwa cheti. Njia hiyo ni ndefu, na ina gharama. Kwa mzazi anayeishi kwa kuuza ndagala au mihogo, safari moja tu ya kwenda kufuatilia faili inaweza kumaliza faida ya wiki nzima.

Si besiboli tu

Msomaji atasema besiboli si mchezo wetu, sisi ni watu wa kandanda. Lakini kandanda nayo inauliza umri. Kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA ilianza kupiga picha za mifupa ya kifundo cha mkono ili kupima umri wa wachezaji.

Kwa hiyo anayempunguzia kijana miaka miwili ili acheze na wadogo hamsaidii. Anampa kombe moja la mtaani na kumwachia tarehe ya uongo itakayomfuata. Na kama tarehe hiyo imeingia kwenye faili ya Mtihani wa Serikali, itatokea pia kwenye diploma yake, na kuirekebisha baadaye ni kazi kubwa.

Kuna kazi ambayo shule inaweza kuanza kabla ya kununua jezi. Mwalimu wa michezo aandike majina ya wachezaji wote, na mbele ya kila jina aonyeshe mwenye cheti cha kuzaliwa na asiye nacho. Wazazi wa wasio nacho waitwe pamoja. Wakienda pamoja watagawana nauli, na mtu mmoja anayejua kuandika barua atawaandikia wote. Tarehe zinazopingana zisemwe mapema, mzazi akiwa bado hai na mkunga aliyempokea mtoto akiwa bado anakumbuka mwaka.

Cheti hakimhakikishii kijana nafasi ya chuo, na uamuzi wa viza unabaki kwa nchi inayoitoa. Lakini wale watoto wa Kampala walikuwa wameshinda kila mchezo uliotakiwa uwanjani, na bado wakatazama mashindano yao wakiwa nyumbani. Kijana wa Lweba akishindwa, na ashindwe na mrushaji wa upande wa pili.