Choma Jina la Balambala Ndani ya Video

Eedo, dadake buda, alikubali mikono pekee. "Uso wangu uwache, eedo," aliniambia, juu huku kwetu shangazi na mtoto wa kakake huitana jina moja. Akaendelea na kazi yake. Kuni inawaka polepole, moshi unaingia kwa chombo, chombo kinageuzwa, moshi unaingia tena. Hivyo ndivyo maziwa ya ngamia hutunzwa Balambala kabla yapande gari ya Garissa. Moshi unayapa ile ladha yake na unayasaidia yasiharibike haraka kwa hii joto yetu. Mimi nimechuchumaa hapo na simu, mangware, jua bado halijaanza kuchoma. Sekunde 40 hivi. Mikono, moshi, alafu maziwa yakimiminwa na ile sauti yake nzito. Nilijua hii ni moto.

Nikairusha TikTok, nikaenda zangu. Siku kadhaa baadaye beshte yangu wa Isich, Nairobi, akanitumia video kwa WhatsApp, ananiuliza kama nimeona hii kitu noma. Ilikuwa yangu. Pande za video zimekatwa hadi logo ya TikTok haionekani, kapsheni imepotea, ngoma ya mtu mwingine imewekwa juu ya sauti ya maziwa, na pagi moja kubwa imeandika hapo juu ati ni Ethiopia. Komenti zimejaa. Nilisoma hadi macho ikauma na sikuona mahali Balambala imetajwa. Eedo aliponiuliza video yake ilifika wapi, nilimwambia imefika mbali sana, na huo ulikuwa ukweli. Kile kiliniuma ni kwamba jina la kwao lilibaki nyuma.

Tangu hiyo siku kuna kitu moja huwa naambia kila msee wa huku mwenye simu: kapsheni haisafiri. Unaweza kuandika maneno matamu chini ya video, uweke jina la mtaa, uweke hashtagi kumi. Mtu akiidaunlodi na kuipeleka kwingine, hayo yote yanabaki kwenye app ya kwanza. Kinachovuka ni kile kiko ndani ya picha na ndani ya sauti. Kama unataka watu wajue ni Balambala, iandike juu ya picha yenyewe, ama mtu aitaje kwa mdomo, ama zote mbili.

Hii county yetu ya Garissa tunajua hii maneno vizuri. Mnakumbuka wale twiga weupe wa Ishaqbini, kule Ijara? 2017 video yao ilizunguka dunia nzima, mama na mtoto wake, weupe kama maziwa, wametulia tu kichakani. Machi 2020 ikatangazwa kwamba huyo mama na mtoto wake mmoja wameuawa na majangili, akabaki dume mmoja, na Novemba mwaka huo akafungwa kifaa cha GPS ili walinzi wajue ako wapi. Ile video nimeipokea kwa magrupu mara nyingi hadi leo. Mara ingine imeandikwa "Afrika" tu. Wasee wa Nai nimewaonyesha wakashtuka kuskia ni Garissa, county yenye wao wanaijua kwa habari za mabomu na ukame. Kitu safi kabisa imetoka kwetu, na bado sifa haijarudi nyumbani.

Sasa skiza venye mimi hufanya siku hizi, na hakuna uchawi.

Kwanza, kuna ile mbichi. Video yenye imetoka kwa kamera, bila maandishi, bila ngoma, bila logo ya app yoyote. Hiyo naiweka kwa memori kadi na siigusi. Hiyo ndio maziwa ya asubuhi. Maziwa ni yale yale, lakini kuna yenye yatanywewa mabichi, kuna yenye yataingia chai, na kuna yenye yatakaa hadi yachachuke yawe susa. Ukishayatia yote chai, susa utatoa wapi? Ndio maana kudaunlodi video yako mwenyewe kutoka TikTok alafu uipeleke Instagram ni kujimaliza. Tangu Februari 2021 Instagram walisema wazi kwamba video zenye logo ya app ingine hawatazisukuma kwa watu. Na ukitumia CapCut, cheki pale mwisho, huwa inaongeza kipande chenye jina lake. Kifute.

Ya pili, shika simu wima. Ile video yangu ya kwanza niliishika kwa upana, na app ilipoifanya ndogo ikae katikati ya skrini, mikono ya eedo ikawa kama ya mdoli. Siku hizi TikTok, Reels za Instagram na Shorts za YouTube zote zinapenda picha moja, 1080 kwa 1920, yaani ndefu kama mlango. Lakini huo mlango una vitu vimesimama hapo. Upande wa kulia kuna vile vidude vya moyo na komenti, chini kuna jina na kapsheni, juu kuna vibonyezo vingine. Kila app inaziba mahali pake. Kwa hivyo mikono ya eedo inakaa katikati, na jina la Balambala nalipandisha juu kiasi ya mikono, mahali hakuna app inalifunika na hakuna mjanja anaweza kulikata bila kukata chombo chenyewe.

Hapo pia kuna mambo ya heshima. Ukipunguza video ya upana iwe wima, wewe ndio unaamua nani anabaki kwa picha na nani anatoka. Nyuma ya eedo kulikuwa na wamama wawili wanapanga mitungi. Hao hawakuniambia ndio. Kwa toleo la kwanza niliwaacha waonekane, na nilikosea. Sasa nawakata wote. Kenya iko na sheria ya kulinda data ya watu tangu 2019, lakini hata bila sheria, huku kwetu mama akisema uso hapana, ni hapana kwa app zote, sio TikTok pekee.

Alafu tuje kwa watu wenyewe, juu kila app ina watu wake na inataka toleo lake, na hapa ndio kuna kazi.

TikTok ni kama mathree ya mtaa, haisimami. Mtu asipodandia sekunde mbili za kwanza ameshaenda. Kwa hivyo toleo la TikTok halianzi na moto wala salamu. Linaanza na maziwa yakigonga chombo, ile sauti, alafu ndio moshi unakuja. Sekunde 22, Sheng kidogo hapo juu, imeisha. Hiyo ni ya mbogi ya Isich, ya machali wa Garissa town, ya masista wako campo.

WhatsApp ni kitu ingine kabisa. Hapo kuna grupu ya ukoo, adeer na abti, yaani ami na mjomba, wako ndani, wengine wako Dubai, wengine Minneapolis, wengine Garissa. Hiyo ni baraza chini ya mti. Ukiingia baraza unaanza na maziwa kumiminika? Unaanza na salamu. Toleo la WhatsApp linafunguka na asalaam aleikum, sauti yangu kwa Kisomali, hakuna muziki hata kidogo, juu kuna wazee hawataki muziki na pia video inaweza kufika saa ya matanga. Naeleza maziwa ni ya nani, yametoka wapi, gari inafika Garissa siku gani, na mtu akitaka kununua aongee na nani. Huyo mnunuzi ni mtu mzima, anataka habari. Na usiitume kivivu tu, juu WhatsApp huikamua video hadi moshi unakuwa ukungu wa mraba mraba. Itume kama dokyumenti, itafika vile ilivyotoka.

Facebook ndio iko na wamama na wababa wa Garissa, walimu, madaktari, watu wa ofisi, na wengi wanacheki wakiwa kazini, sauti imezimwa. Hao wanasoma. Toleo lao lina maandishi ya Kiswahili kwa kila hatua, makubwa, meupe juu ya giza, polepole. YouTube nayo mimi naiona kama kisima. TikTok ya jana imekufa leo, lakini mtu anaweza kuuliza YouTube mwaka ujao venye maziwa ya ngamia hufukizwa, na aipate. Shorts zilikuwa zinakatikia sekunde 60, lakini tangu Oktoba 2024 zinafika dakika 3. Dakika 3 inatosha eedo aeleze kwa sauti yake mwenyewe, bila uso, kwa nini anachagua kuni fulani na kuacha zingine. Hiyo ni elimu. Siwezi kuikata iwe sekunde 22 alafu nilale vizuri.

Lugha ndio silaha yetu kubwa na wasee wengi hawaitumii. Wasomali wa ng'ambo ya mpaka hutuita sijui, juu ya Kiswahili chetu. Sawa. Sijui anaongea Kisomali na mamake, Kiswahili kwa soko ya mifugo ya Garissa, Sheng na mabeshte, na Kiingereza ya shule. Video moja, sauti moja ya Kisomali, maandishi ya Kiswahili juu yake, na tayari umefika Mandera, Mombasa na Mwanza. Creator wa Nai hana hiyo kitu.

Ngoma je? Nimeacha kuzitegemea. Wimbo wenye TikTok inakuruhusu kuweka, YouTube inaweza kukuzimia sauti ama mwenye wimbo adai hela yake. Sauti ya maziwa haina mwenyewe. Sauti ya koor, ile kengele ya mti shingoni mwa ngamia, haina mwenyewe. Maji ya mto Tana asubuhi, pia. Ukirekodi sauti safi ya kwenu, video inapita kila mlango bila kusimamishwa.

Bando ni shida, najua. Kutoa matoleo manne sio kutumia bando mara nne ukijipanga. Kuediti nafanya bila data kabisa. Narusha usiku mtandao ukiwa mwepesi, na zile nzito za YouTube nangoja siku naenda Garissa town. Kuna pande za huku North Eastern milingoti imewahi kulipuliwa na mtaa mzima ukazima. Ukikaa na ile mbichi yako kwa memori kadi, mtandao ukirudi unaendelea ulipoachia.

Na kuna sababu ingine ya kutokaa nyumba moja. Agosti 2023 serikali ya Somalia ilitangaza kufunga TikTok na Telegram. Mwezi huo huo Bunge letu hapa Kenya likapokea ombi la kupiga TikTok marufuku. Haikupigwa marufuku, lakini watu wenye kazi yao yote ilikuwa hapo hawakulala. Januari 2025 ikazimwa Marekani kwa masaa kadhaa, na jamaa zetu wa kule wakawa gizani. Na wale wakubwa wetu wanakumbuka Vine, video za sekunde 6. Ilikuja 2013, na Januari 2017 ikafungwa. App ni za wenyewe. Ile mbichi ndio yako.

Kuna kitu kizito kidogo lazima niseme. Aprili 2024, wakati wa mafuriko, boti ilizama hapo Kona Punda, kati ya Madogo na Garissa, ikiwa imebeba watu. Kuna watu walikufa. Mtu alirekodi, na hiyo video ilifika kila simu Kenya. Sisi wa kando ya Tana tunajua video za maji zinarudi kila mvua ikinyesha. Mwaka ujao mtu ataichukua klipu ya zamani, aiseme ni ya leo, na mathe wa mtu Saka ataanza kupiga simu akilia. Ukirekodi mafuriko, choma tarehe ndani ya picha pamoja na jina la mahali. Siku, mwezi, mwaka. Na kama kuna mtu anazama, hiyo usikate vipande vya app nne. Peleka kwa wenye wanaweza kuokoa, alafu uiweke.

Nilirudi kwa eedo mwezi uliopita. Nikamuomba turekodi tena, simu wima, wamama wa nyuma nje ya picha. Safari hii, kabla aanze kufukiza, alijitamkia mwenyewe kwa Kisomali: hii ni Balambala, haya ni maziwa ya asubuhi. Hilo neno liko kwa matoleo yote manne, ndani ya sauti, na limeandikwa pia juu ya moshi. Mtu wa kulitoa itabidi atoe na maziwa.

Kama uko Sankuri, Saka, Danyere, Jarajara ama Balambala yenyewe, na uko na klipu imelala kwa simu, ifungue leo. Andika jina la mtaa wenu ndani ya picha, weka ile mbichi mahali salama, alafu ndio urushe.