Mayai ya Dome na Madema ya Wavuvi

Dome ni wa jamaa moja na pweza na ngisi. Ana mikono 8 mifupi kuzunguka kinywa chake, na mingine 2 mirefu ambayo huificha, kisha huitupa ghafula kama mshale akimwona kamba au samaki mdogo. Mgongoni, ndani ya ngozi, ana kipande cheupe kilicho chepesi mno, na watu wengi huokota vipande hivyo ufuoni wasijue vimetoka wapi. Dome wako wa namna nyingi, hata katika bahari ya Afrika ya Mashariki wamo. Lakini habari hizi ni za dome wa Ulaya, hasa wale wa mlango wa bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa.

Maisha yake ni mafupi. Wakati wa baridi kali hukaa mbali, kilindini. Hata baridi ikipungua, yapata mwezi wa Aprili, madume na majike huja karibu na pwani, penye maji haba, ili wazae. Jike hutaga yai moja moja, akilifunga kila moja kwa kijipete katika shina la mwani au la majani ya baharini, mpaka yawe kichala kizima. Tena huyatia wino wake yakawa meusi, ndiyo sababu Wafaransa huyaita zabibu za bahari. Jike mmoja aweza kutaga mamia, na pengine hupita 1,000. Akiisha kutaga hufa, na dume naye hali kadhalika. Wengi hawapiti miaka 2. Basi hakuna dome wazee watakaozaa tena mwakani badala ya waliokosa mwaka huu. Tumaini lote limo katika yale mayai.

Nayo hukawia kuanguliwa. Maji yakiwa na joto la digrii 20, hukaa siku 40 hivi. Yakiwa digrii 15 tu, huhitaji karibu miezi 3. Mtoto atokaye hana urefu wa sentimeta moja, lakini ni dome kamili: ajua kujifukia mchangani, na wino anao.

Sasa tazama kazi ya wavuvi wa mashua ndogo. Wao hutumia madema. Dema lao ni kiunzi cha chuma kilichozungushiwa wavu, lenye mlango ulio rahisi kuingia na mgumu kutoka. Mara nyingi chambo chake ni jike aliye hai. Madume wakimwona huingia mmoja baada ya mwingine. Majike nao hulijia dema wakitafuta mahali pa kutagia, na kwao uzi wa wavu na shina la mwani ni mamoja, maana vyote ni vyembamba, na mkondo hauvichukui. Huyafunga mayai yao papo hapo, hata dema likipandishwa huonekana limevikwa nguo nyeusi.

Hapo ndipo hasara huanza. Mayai huongeza uzito wa dema na kuziba wavu, na kila mvuvi apenda chombo safi. Huyakwangua, au huyafukuza kwa maji ya pampu yenye nguvu. Tena msimu ukiisha, madema yote huletwa nchi kavu, na mayai yaliyosalia hukaushwa na jua, kabla vitoto havijatoka. Mvuvi hakukusudia kuyaharibu. Wala hapati hata senti moja kwa kuyaharibu.

Dawa ya kwanza ni kuacha madema majini, milango wazi, mpaka mayai yaanguliwe. Milango lazima iwe wazi, ama sivyo dema litaendelea kuvua bila mwenyewe. Shauri hili ni jema, ila lina gharama: dhoruba huweza kuchukua madema, na mtu mwenye madema machache ayataka kwa kazi nyingine. Afadhali, basi, kumpa jike kitu kingine cha kutagia. Katika bahari ya Adria, wavuvi wa Italia wana desturi ya zamani ya kutia matawi ya mti ndani ya madema ili kuwavuta majike. Huko huko limejaribiwa jambo la kutandaza kamba baharini, dome wakataga juu yake. Kamba au tawi lenye mayai laweza kufunguliwa na kuning'inizwa mahali patulivu, na dema likaenda zake.

Wavuvi hao husema pia kwamba meli kubwa zikokotazo nyavu huwavua dome wengi kuliko wao, huko kilindini wakati wa baridi, kabla hawajazaa kabisa. Neno hilo ni kweli. Lakini dome aliyeponyoka nyavu zile akafika pwani amebakiwa na majuma machache tu ya kuishi, na kazi moja ya kufanya. Na mahali aichaguapo kazi hiyo, mara nyingi, ni juu ya dema la mvuvi mdogo.