Umetia petroli kwenye gari ya dizeli? Usiguse ufunguo

Likizo ya kiangazi ikifika, familia nyingi za Muscat na Dubai huteremka Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, zikakabidhiwa gari ya mjomba au ya kukodi. Hapo pana mtego. Huku Ghuba, Prado na Land Cruiser za nyumbani nyingi ni za petroli, na mtu kazoea kuteremsha kioo akasema "jaza 95" bila kufikiri. Kule pwani gari ile ile, umbo lile lile, huenda ikawa ya dizeli. Na mhudumu wa sheli hutia alichoambiwa.

Makosa haya ni ya namna mbili, na hayalingani uzito. Bomba la dizeli kwa kawaida ni pana, haliingii vizuri kwenye mdomo wa tangi la gari ya petroli. Lakini bomba jembamba la petroli linazama moja kwa moja kwenye tangi la dizeli, hakuna kinacholizuia. Na huko ndiko hasara kubwa iliko.

Dizeli ina utelezi, na pampu inayoyasukuma mafuta kwenda kwenye nozeli inajilainisha kwa dizeli hiyo hiyo. Petroli inauosha utelezi huo. Chuma kikasugua chuma, chembe zake husafiri hadi kwenye nozeli, na kwa injini za kisasa, ambazo presha ya mafuta hupita baa 1,000, unaweza kujikuta unanunua pampu na nozeli zote. Dizeli ikiingia kwenye gari ya petroli, injini hukohoa, hutoa moshi, mwisho huzima. Usumbufu upo, lakini mara nyingi tangi likisafishwa na plagi zikashughulikiwa, yamekwisha.

Basi ukigundua ungali sheli, usiwashe. Wala usizungushe ufunguo nusu ili upandishe vioo, maana kwenye gari nyingi pampu iliyomo ndani ya tangi huanza kuvuta pale pale swichi inapofunguliwa. Tia nyutro, omba vijana wakusaidie kuisukuma pembeni. Ikiwa ni otomatiki na haitoki kwenye P bila swichi, iache hapo hapo. Wenye haraka watazunguka.

Ikiwa yamekukuta huku Ghuba, kumbuka kwamba injini ikizimwa na eisi imezimwa. Mwezi wa Julai, watoto na bibi hawakai ndani ya gari hiyo hata dakika tano. Waingize dukani kwanza, halafu ndio uite rikaveri.

Umeshaondoka, na gari inakosa nguvu? Tafuta mahali salama, simama, zima. Usiseme utaikongoja mpaka nyumbani. Kila dakika injini inayozunguka inakuongezea bili.

Fundi atatoa mafuta yote, ataosha mabomba na kutia filta mpya. Wajuzi hawakosekani: "Ongezea dizeli tu, itajichanganya." Pikapu za zamani nyingine huvumilia kama petroli ilikuwa kidogo sana, kwa gari ya kisasa hiyo ni kamari. Na mtu asinyonye mafuta kwa mpira na mdomo, hata akisema kazoea. Mchanganyiko unaotolewa usimwagwe chini, unawaka upesi kama petroli yenyewe.

Kosa likiwa la mhudumu, mwite msimamizi kabla gari haijaondolewa. Piga picha ya pampu, weka risiti, kwani huwa imeandikwa aina ya mafuta. Gari ya kukodi, soma mkataba: bima yake mara nyingi hailipi mafuta yasiyo sahihi.

Kutia 91 kwenye gari inayotaka 95 ni jambo jingine. Hiyo ni petroli kwa petroli. Endesha taratibu bila kuikamua, ukijaza tena tia 95.

Walio Uingereza na Marekani, ambako mtu hujitilia mwenyewe, msiamini rangi. Uingereza kishikio cha kijani ni petroli na cheusi ni dizeli. Marekani, kwenye vituo vingi, cha kijani ndicho cha dizeli. Soma maandishi ya kwenye pampu, kisha soma yaliyomo ndani ya kifuniko cha tangi. Na ukiwaazima wageni gari yako, bandika hapo karatasi yenye neno moja, DIZELI, kwa herufi kubwa.