Kupinga "Wote" si Kusema "Hakuna"

Tuchukue mfano wa kikao cha jumuiya ndogo ndogo. Mzee anasema: "Vijana wote wa kigango hiki ni wavivu." Kijana anainuka na kujibu: "Shikamoo mzee. Hakuna kijana mvivu hapa!" Nani amesema kweli? Yawezekana wote wawili wamekosea.

Aristotle alilieleza jambo hili katika karne ya 4 kabla ya Kristo, na wanamantiki waliomfuata wakalichora kama mraba. Pembe zake nne hubeba kauli nne, nazo hutajwa kwa herufi zilizotoka katika maneno ya Kilatini affirmo (nakubali) na nego (nakana):

A: Vijana wote ni wavivu.
E: Hakuna kijana aliye mvivu.
I: Baadhi ya vijana ni wavivu.
O: Baadhi ya vijana si wavivu.

A na E haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini zote mbili zaweza kuwa za uongo. Kigango chenye wavivu na wachapakazi huzikanusha zote. I na O zaweza kuwa kweli pamoja, ila haziwezi kuwa za uongo pamoja. Tena, A ikiwa kweli, I nayo ni kweli, mradi vijana wapo. Vivyo hivyo E na O. Lakini hatuwezi kupanda kutoka I hadi A. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza" ni onyo jema, si kanuni ya mantiki.

Kupingana kikamilifu ni kwa mshazari: A na O, E na I. Hapo moja ikiwa kweli, nyingine lazima iwe ya uongo. Basi kijana hakuhitaji kuwatetea vijana wote. Angesema tu, "Si wote, mzee; yupo aliyefyeka uwanja wa kanisa jana," na kama huyo si mvivu, kauli ya mzee ingeanguka. Kwa kudai mno, amejitwika mzigo: akionyeshwa mvivu mmoja, ameshindwa.

Tuchunge pia ulimi wetu. "Vijana wote hawakuja" yaweza kumaanisha hakuna aliyekuja, au baadhi tu hawakuja. Anayekusudia O na aseme: "Si vijana wote waliokuja."

Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. "Wote" likitamkwa ovyo, linamshuhudia uongo hata yule aliyefyeka uwanja.