Dakika za Njiani

Mkazi wa Ijuganyondo, au wa kata nyingine yoyote ya milimani ndani ya Manispaa ya Bukoba, ameshaliona jambo hili. Mtu ameanguka kutoka juu ya mparachichi na hajitambui. Bodaboda inaitwa. Mgonjwa anapandishwa mshikaki: dereva mbele, ndugu nyuma, yeye katikati, kichwa kimelegea kidevu kikagusa kifua. Pikipiki inateremka kati ya migomba kuelekea hospitali ya mkoa. Dereva ana huruma, ndugu ana huruma, na mwendo ni wa kasi. Hata hivyo yule wa katikati anaweza kufika amekufa, na kilichomuua kikawa ni namna alivyokalishwa.

Mtu akipoteza fahamu, misuli ya taya na ulimi hulegea kama ya aliyelala usingizi mzito sana. Kichwa kikiinama mbele, ulimi hurudi nyuma ukaziba koo. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi, na safari ya kutoka mlimani huchukua zaidi ya hapo hata barabara ikiwa kavu. Angelazwa chali, mtu mmoja akainua kidevu chake kwa vidole viwili na kukishikilia hivyo njia nzima, hewa ingepita. Na kama alianguka vibaya na shingo ina mashaka, taya lingesukumwa mbele kwa vidole bila kukipinda kichwa. Kazi hiyo haitaki dawa wala mashine.

Vijana waliomaliza shule huniuliza mafunzo ya mhudumu wa dharura, yule anayekaa na mgonjwa nyuma ya gari la wagonjwa, yana nini ndani yake. Nawajibu kwa kisa hicho cha mshikaki. Mafunzo yote yanahusu dakika zile za njiani: kuzigeuza ziwe za matibabu badala ya kuwa za kusubiri matibabu.

Siku za mwanzo humshangaza mwanafunzi. Amekuja akitarajia damu na ving'ora, naye anafundishwa kusimama. Anaambiwa: kabla hujamgusa mtu, simama, tazama. Je, waya wa umeme umelala chini? Petroli inavuja? Ukuta umepasuka na unaweza kuanguka? Yupo majeruhi mwingine aliyetupwa kichakani asiyepiga kelele? Kisha glavu. Mwanafunzi mwenye moyo wa kusaidia huona huku ni kupoteza muda, na wapo wanaokasirika kabisa.

Kwa mkoa wetu wa Kagera somo hili lina uzito wake. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika kata za Maruku na Kanyangereko, Wilaya ya Bukoba. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, watu 9 walikuwa wamehesabiwa kuugua na 6 kati yao wamefariki, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Januari 2025 ugonjwa huo ukarudi mkoani, safari hii Biharamulo. Virusi vya Marburg hupita kwenye damu, matapishi, jasho na majimaji mengine ya mwili, na mgonjwa wa siku za kwanza hufanana na mgonjwa wa malaria. Ndiyo maana kuvua glavu hufundishwa kwa muda mrefu kuliko kuzivaa: unashika upande wa nje wa ya kwanza, unaivua kwa kuigeuza ndani nje, kisha unapitisha kidole kisafi chini ya ya pili bila kugusa kilichochafuka. Unarudia mpaka mikono iweze peke yake, maana usiku wa manane kwenye gari linaloyumba akili haina nafasi ya kukumbuka.

Baada ya kutazama, huja mpangilio. Dunia nzima sasa hufuata takriban mfuatano mmoja, nao ndio uti wa kozi ya huduma ya msingi ya dharura iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu mwaka 2018, baada ya kufanyiwa majaribio Tanzania, Uganda na Zambia. Kwanza njia ya hewa. Pili kupumua. Tatu mzunguko wa damu. Nne ufahamu. Tano kumfunua mgonjwa uone kilichofichwa na nguo, kisha kumfunika asipigwe na baridi. Damu inayoruka kwa kasi kutoka mkononi au mguuni hukatisha foleni hiyo: huzuiwa mara moja kwa kukandamiza kwa nguvu, na isipokoma, kwa mkanda wa kubana unaofungwa juu kidogo ya jeraha, ukiandika saa uliyoufunga. Mtu mzima ana damu kama lita tano tu.

Mfuatano huu unaonekana mwepesi hadi utakapoona mguu uliovunjika ukatokeza mfupa. Macho yote huenda kwenye mfupa. Kumbe mfupa ule unaweza kusubiri saa nzima, na yule yule mtu anakoroma kwa sababu damu imejaa kinywani. Kwangu mimi hapa ndipo mafunzo yalipo hasa. Ujasiri watu wetu wanao tangu zamani. Kinachofundishwa ni kuyashinda macho yako mwenyewe, uanze na kinachoua kwanza ingawa hakitishi.

Halafu kuna mwanasesere wa kujifunzia kumhudumia mtu ambaye moyo wake umesimama. Amelala sakafuni, kifua cha mpira, na mwanafunzi amepiga magoti pembeni yake. Sura ya yule wa kwanza kabisa, aliyetengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal wa Norwei, ilifinyangwa kwa kufuata sura ya msichana asiyejulikana ambaye inasimuliwa alitolewa mto Seine, Paris. Unaweka kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, na unasukuma chini sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Sukuma 30, pulizia 2. Baada ya dakika mbili jasho linadondoka kwenye uso wa mwanasesere na mikono inatetemeka, na hapo mwalimu anasema badilishaneni. Wengi hufikiri ni huruma kwa mwanafunzi. Ukweli ni kwamba mtu aliyechoka husukuma juu juu bila kujijua, na damu haifiki kwenye ubongo. Huelezwa pia kwamba mbavu za mgonjwa halisi zinaweza kulia chini ya kiganja, na kwamba asiache.

Kwa watu wa ziwani ningeongeza saa za ziada katika somo moja: aliyezama. Katika mialo yetu bado kuna desturi ya kumning'iniza aliyeopolewa kichwa chini, au kumkandamiza tumbo ili maji yatoke. Maji yanayotoka kwa njia hiyo ni ya tumboni zaidi, na yanapopanda yanaweza kuingia kwenye mapafu. Aliyezama amekosa hewa. Moyo wake ulisimama kwa sababu ya kukosa hewa, tofauti na mzee aliyeanguka ghafla sebuleni kwa shambulio la moyo, ambaye damu yake bado ilikuwa na oksijeni dakika moja iliyopita. Kwa hiyo aliyezama huanza kupewa pumzi. Mwongozo wa Ulaya husema pumzi tano kabla ya kukandamiza kifua. Mvuvi anaweza kujifunza hili kwa alasiri moja pale mwaloni Nyamkazi, na mwili wa kwanza utakaoguswa na ujuzi huo yaelekea utakuwa wa mtoto wa jirani yake.

Nawataja wavuvi kwa sababu Bukoba inawajua. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wetu. Watu 24 waliokoka, 19 walifariki. Waliotangulia kuifikia ni wavuvi, kwa mitumbwi na makasia. Nchi ilimwona kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, akipongezwa kwa ushujaa, na alistahili. Ninalolitamani ni kwamba mtu wa namna hiyo apewe mafunzo kabla ya siku yake kufika.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, lilitupa somo lingine. Watu 17 walifariki na zaidi ya 400 walijeruhiwa kwa alasiri moja, katika mkoa ambao hospitali zake zilijengwa kwa wagonjwa wa siku za kawaida. Majeruhi wakiwa wengi namna hiyo, mpangilio wa mgonjwa mmoja hautoshi, na mhudumu hufundishwa kutenga watu kwa rangi: nyekundu kwa anayehitaji msaada sasa hivi, njano kwa anayeweza kungoja kidogo, kijani kwa anayetembea, nyeusi kwa aliyekwisha kufa au asiyeweza kuokolewa kwa vilivyopo. Kila mtu hupewa sekunde thelathini hivi. Anapumua? Kwa kasi gani? Mshipa wa kifundo cha mkono unasikika? Anafuata agizo dogo, kama kukunja ngumi? Wanaofika hospitali wa kwanza baada ya janga huwa ni wa kijani, kwa sababu wana miguu na sauti. Aliye kimya chini ya tofali ndiye wa kutafutwa. Katika zoezi la darasani, wanafunzi hupewa vikaratasi vya rangi na wenzao hulala uwanjani wakiigiza. Nimeona mtu mzima akishindwa kumwekea mwenzake karatasi nyeusi hata kwa maigizo, akakaa chini akalia. Hakuna aliyemcheka.

Kuna mambo madogo ambayo hayasimuliwi. Ndani ya gari linalopita barabara ya vumbi huwezi kusikia kitu kwa kifaa cha kusikilizia mapigo. Unajifunza kupima kwa vidole. Ukishuka mlima na machela, miguu ya mgonjwa hutangulia ili kichwa kibaki juu. Ukipanda, kichwa hutangulia. Wabebaji wanne wa kimo tofauti huamua nani akae wapi kabla ya kunyanyua, na mmoja tu ndiye anayehesabu. Jirani zetu wa Kigezi na Ankole nchini Uganda wanalijua hili kwa karne: vikundi vyao vya engozi, machela ya kubebea wagonjwa, vilikuwa na zamu na wajibu wa kila kaya, kabla barabara hazijafika. Na bibi wa kijijini akiumwa, huulizwa kwa Kihaya maumivu yalianza lini, anatumia dawa gani, alikula saa ngapi, ana mzio wa kitu gani. Jibu lililotafsiriwa na mjukuu mwenye hofu hupungua njiani.

Tanzania fani hii bado ni changa. Idara kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na hapo ndipo tulipoanza kuwafunza madaktari bingwa wa dharura wa kwetu. Upande wa barabarani, hatua kubwa ni mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022: mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga akipata dharura, simu hupigwa bure namba 115, kituo cha mawasiliano kinatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwa karibu, dereva wa jamii aliyesajiliwa anamchukua na kulipwa kwa simu. Ni mpango mzuri sana. Lakini mfikirie dereva huyo, usiku, kati ya kijiji cha Muleba na hospitali, na nyuma ana mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Ndugu aliye pembeni akijua kuusugua mfuko wa uzazi kwa kiganja juu ya tumbo mpaka ukaze kama mpira mgumu, damu inaweza kupungua. Asipojua, atashika mkono wa mgonjwa na kuomba.

Hata Marekani haikuanza ilipo. Hadi miaka ya 1960, katika miji yake mingi aliyebeba mgonjwa alikuwa polisi au mwenye gari la mazishi. Mwaka 1967 huko Pittsburgh, daktari Peter Safar, aliyekuwa ameonyesha thamani ya kupulizia pumzi mdomo kwa mdomo, alisaidia kuwafunza wanaume weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wasio na ajira, na huduma yao ya Freedom House ikawa kati ya za kwanza nchini humo kutibu watu njiani. Hapa kwetu, ng'ambo ya ziwa jijini Mwanza, shirika la Tanzania Rural Health Movement limewafunza waendesha bodaboda huduma ya kwanza. Nawaona madereva wa vijiwe vya Ijuganyondo kwa jicho hilo hilo. Ndio wanaofika kwanza tayari. Wanaijua kila njia ya kibanja.

Mwisho wa kozi mwanafunzi hufanyiwa mtihani wa kukabidhi mgonjwa. Anasimama mbele ya muuguzi wa zamu na kusema kwa chini ya dakika moja: "Sista, mwanamume, miaka kama thelathini, ameanguka kutoka juu ya mparachichi saa nne na robo asubuhi. Alikuwa hajitambui, anakoroma. Tumeifungua njia ya hewa, tumemshikilia shingo, sasa anafumbua macho akiitwa. Paja la kulia limevimba, tumelifunga. Mapigo 110." Kisha ananyamaza na kujibu anachoulizwa.

Akitoka hapo hajamaliza. Anarudi garini, anafuta machela kwa maji ya klorini kuanzia upande wa kichwa hadi miguuni, anageuza godoro na kufuta chini yake, anahesabu glavu zilizobaki na kurudisha mkanda wa kubana mahali ambapo mkono unaufikia gizani. Anaandika saa aliyofika hospitalini na saa aliyokabidhi. Simu ikilia kabla godoro halijakauka, analifuta kwa kitambaa kikavu na wanaondoka.