Ukitafuta "Lima", Itilima Nayo Huitika

Ripoti ya kilimo ya Mkoa wa Simiyu haiwezi kuyakwepa maneno pamba, mkulima na Itilima. Mhariri wake, awe Bariadi mjini au Dar es Salaam, akihisi habari za kulima zimerudiwa mno, hubonyeza Ctrl na F, akaandika "lima", akasubiri idadi. Idadi huja papo hapo. Nayo si sahihi.

Wakulima wamo, sawa. Lakini umo pia mlima, imo Kilimanjaro, na kila palipotajwa Itilima, mojawapo ya wilaya tano za mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012. Kilimo chenyewe, kwa kuwa kinaishia na "o", kimeachwa nje. Ukipunguza herufi ibaki "lim" ili ukinase, wavu unavua na elimu, na walimu wote wa mkoa. Maswa nayo, wilaya nyingine ya mkoa huu, imejificha ndani ya maswali; pamba ndani ya mapambano.

Kompyuta haioni maneno. Kwake kila herufi ni namba: a ni 97, m ni 109. Kutafuta ni kulinganisha mlolongo mfupi wa namba na mlolongo mrefu. Mwaka 1977 Robert Boyer na J Moore walichapisha njia ya kuiharakisha kazi hiyo: anza kulinganisha na herufi ya mwisho ya neno unalolitafuta. Tuseme ni "pamba", na herufi ya tano ya maandishi ni k. Kwa kuwa k haimo kabisa katika pamba, unaruka zote tano bila kuzisoma nne za kwanza. Ujanja mzuri sana, ila bado ni ujanja wa herufi.

Chaguo la kutafuta neno zima huiondoa Itilima, lakini pia humtenga mkulima na wakulima. Kiswahili hubadilisha neno mbele, katikati na nyuma: hatukulima, waliolima, tulimiwe. Ndiyo maana Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda SALAMA, programu inayolichambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi mpaka ifike kwenye mzizi. Ukihesabu mizizi, wote waliolima wanakaa fungu moja, na Itilima inabaki jina la mahali.

Asiye na programu ya aina hiyo anaweza kutumia LibreOffice, iliyo ya bure. Washa utafutaji wa ruwaza, kisha andika \b(m|wa)kulima\b. Alama \b ni mpaka wa neno. Mstari wima ni "au".

Baada ya kuhesabu, usikimbilie kufuta. "Na", "ya", "wa" na "kwa" zitaongoza daima orodha ya maneno yaliyorudiwa. Hiyo ni sarufi. Mkulima naye mwache. Ripoti inayomwita mkulima, halafu mzalishaji, halafu mdau wa mnyororo wa thamani, humfanya msomaji adhani ni watu watatu. Wa kuwindwa ni "suala la", "wadau" na "katika kuhakikisha". Tafuta "hakikish" kwenye ripoti yako ya mwisho, uone zimo ngapi, kisha futa nusu.