Titi la mama na posho ya kampuni

Mzee yeyote aliyezaliwa katika kambi za Union Minière hapa Lubumbashi atakusimulia habari za posho: unga, samaki, mafuta, chumvi, kila kitu kwa hesabu ya watu wa nyumba. Wachache wanakumbuka kwamba kampuni iliingia mpaka kwenye titi la mama.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka wa 1911, mji wenyewe ukiwa bado mchanga. Wafanyakazi wa kwanza waliletwa kwa mikataba ya miezi tu, wengi bila wake zao, na wengi walikufa kwa nimonia, kwa magonjwa ya tumbo, kisha kwa homa kubwa ya 1918. Kuwatafuta wengine kila mara kulikula pesa. Ndiyo maana, kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kampuni iligeuza mpango: mkataba wa miaka mitatu, mwanaume aje na mke, watoto wazaliwe kambini. Mtoto alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kesho. Daktari Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo, hakuficha jambo hilo.

Sasa, kijijini mama alinyonyesha miaka miwili au mitatu, na wakati huo hakulala na mume wake. Wabibi ndio waliolinda sheria hiyo. Wazungu wengi waliiona kuwa kizuizi cha uzazi. Basi kambini mama aliitwa kupima mtoto kilo, na asipofika angeweza kukatwa posho. Mtoto alianzishwa chakula mapema, na aliyeachishwa alilishwa kwenye kantini. Mfano ulitoka Ulaya. Mwaka wa 1894 daktari Léon Dufour alifungua huko Fécamp, Ufaransa, nyumba ya kugawia watoto wachanga maziwa safi. Lakini huko mama wengi walikuwa wanashinda viwandani. Mama wa kambi hakwenda kiwandani. Titi lake lilikuwa pale pale nyumbani.

Kweli, vifo vya watoto vilipungua na uzazi ukaongezeka. Tuseme haki: maji safi, dawa, wazalishaji waliofundishwa na chakula cha kutosha viliokoa wengi. Tusikubali tu kwamba kuachisha titi mapema ndiko kulikookoa. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, akiwa Ghana ya leo, aliandika juu ya kwashiorkor, ndiyo ile watu wa Kivu wanaita bwaki. Jina hilo lenyewe ni la Waga wa huko: ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa titini kwa sababu mdogo wake anakuja, akabaki na uji mtupu. Wabibi wetu walikuwa wanakinga jambo hilo hilo.

Leo kantini hazipo. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, posho ilianguka nayo. Anayemlisha mtoto maziwa ya kopo anatafuta pesa kila juma, makala ya kuchemshia maji, na maji yenyewe, mara nyingi ya kisima kilicho karibu na choo. Kopo likikaribia kuisha, anaongeza maji. Mtoto anaharisha, anakonda, na watu wanaanza kutafuta mchawi.

Wauguzi wanashauri hivi: titi ndani ya saa ya kwanza, pamoja na yale maziwa ya njano ambayo wengine wanayamwaga, miezi sita titi peke yake, hata maji hapana, kisha uji wenye unga wa karanga, ndagala au yai, titi likiendelea mpaka miaka miwili na zaidi. Na kwa kuwa wanaume wa mji hawafuati tena sheria ya wabibi, mume na mke waende pamoja kituo cha afya kuuliza namna ya kupanga uzazi.

Hana hakupanda kwenye sikukuu ya kila mwaka mpaka alipomwachisha Samweli, na Elkana alikubali. Viongozi wa kwaya, mama anayenyonyesha akikosa mazoezi, msimwandike mtoro.